Mzazi Amekataa Chanjo: Namna Ninavyoketi Naye Tangu Korona Ipite

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii upande wa Sengerema, mkoani Mwanza. Kazi hii niliianza mwaka 2016. Wakati ule habari ya chanjo ilikuwa kukumbushana tu: mama amesahau tarehe, unampitia jioni, kesho yake unamkuta zahanati kwenye benchi, mtoto mgongoni, kadi ya kliniki imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni isiloe. Wa kukataa walikuwepo, ila walikuwa wachache na kila mtu kijijini alijua sababu zao. Baada ya korona mambo yaligeuka. Siku hizi nikibisha hodi na kutamka neno chanjo, swali la kwanza ni, "Chanjo ipi? Ile?" Na "ile" ni ya korona. Hata kama nimefuata surua ya mtoto wa miezi tisa, tayari nimeingia na mzigo wa mwaka 2021 kichwani.

Wamekuja wahudumu wapya watatu, natembea nao, na njiani najikuta nasimulia yale yale. Nimeona niyaandike. Yatamfaa pia mwalimu, mjumbe wa shina, muuguzi aliyehamishiwa kijiji asichokijua, au shangazi ambaye mdogo wake hataki kumpeleka mtoto kliniki.

Jua umefuata chanjo gani, na nani mwenye kauli

Kabla ya kutoka, pitia rejesta ya zahanati ujue mtoto amekosa nini hasa. Akizaliwa anapata BCG, ya kukinga kifua kikuu, na matone ya polio. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 kuna penta, inayokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B na Hib (bakteria wanaoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo), pamoja na chanjo nyingine za wiki hizo. Surua-rubella ni miezi 9, kisha miezi 18. Wasichana wa miaka 9 hadi 14 wana chanjo ya HPV, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi. Kwetu inayokosekana zaidi ni ile ya miezi 18. Mtoto ameshatembea, mama amesharudi shambani, kadi imekaa sandukuni.

Zungumzia hiyo moja tu. Ukiingia na maneno ya "chanjo kwa ujumla" unamfungulia mtu mlango wa kuleta yote aliyowahi kusikia kwenye simu.

Halafu ulizia nani mwenye kauli nyumbani. Mimi nilipoteza karibu miezi miwili kwa mama mmoja ambaye kila nikienda ananikubalia kwa moyo wote, na kila siku ya kliniki haonekani. Kumbe mwenye kauli alikuwa bibi mzaa baba, mama mkwe wake, aliyekuwa ameketi hatua chache tu kutoka tulipozungumza, anachambua mchele, na mimi nilimsalimu nikampita. Nilipoenda kuketi naye yeye, nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," nikamsaidia kuchambua, tulimaliza siku hiyo hiyo. Alikuwa na swali moja tu na hakuna aliyewahi kumwuliza.

Uliza alichosikia, kisha nyamaza

Usisimame mlangoni na daftari limefunguliwa. Likifunguliwa daftari, mtu anaona ameshitakiwa. Subiri kigoda, keti. Usiulize, "Kwa nini hutaki?" Hapo umemtaka ajitetee, naye atajitetea mpaka usiku. Uliza, "Mama fulani, umesikia nini kuhusu sindano hii?" Kisha nyamaza kabisa, hata akisema jambo ambalo unaona si kweli. Nilipata shida sana kujifunza hili. Mdomo wangu ulikuwa unawahi.

Utashangaa mara ngapi kinachoitwa kukataa hakihusu sindano. Kuna aliyefokewa mbele ya wenzake kwa sababu kadi ilipotea. Kuna aliyeambiwa arudi nyumbani kwanza akamvalishe mtoto nguo safi. Na lipo moja ambalo wengi wetu hatuwaelezi wazazi: chupa ya surua-rubella tunayotumia ina dozi kumi, na ikishachanganywa haitakiwi kukaa zaidi ya muda wa saa sita. Muuguzi akiona mtoto yuko mmoja, anaogopa kumwaga dozi tisa, anamwambia mama arudi wiki ijayo. Mama ametembea saa mbili na nusu akiwa na mtoto mgongoni. Anarudi wiki ijayo, watoto wako wawili, anaambiwa tena. Safari ya tatu haendi, na mhudumu akifika anamwambia, "Mimi chanjo sitaki." Ukianza kumhubiria mama huyu kuhusu uvumi wa mitandaoni unamwonea. Anachohitaji ni siku moja iliyopangwa ambayo chupa itafunguliwa hata mtoto akiwa peke yake. Nenda kazungumze na muuguzi kwanza, mpatane siku, kisha mrudie mama na jibu la uhakika.

Korona: anza kwa kukiri

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mzazi anasema, "Nyie nyie mlisema chanjo hazifai, halafu nyie nyie mkaja na sindano." Mhudumu anaona aibu, anaruka swali, anasema yale yalikuwa mambo ya siasa. Usiruke. Mtu huyu ana kumbukumbu sahihi.

Mimi humjibu kwa utaratibu, tena kwa tarehe, ili ajue kwamba nami nilikuwepo. Ni kweli kwamba mwanzoni mwa Mei 2020 takwimu zilisimama, tukiwa na wagonjwa 509 na vifo 21, na baada ya hapo hatukutangaziwa tena kwa muda mrefu. Ni kweli tulisikia habari za papai na mbuzi waliopimwa, majibu yakasema wana korona. Ni kweli Januari 2021 hayati Rais Magufuli, akiwa Chato, alisema chanjo hizo hazifai, na Februari Wizara ya Afya ikasema haina mpango wa kuzipokea. Ni kweli pia kwamba alifariki Machi 17, Rais Samia akaunda kamati ya wataalamu, na Julai 24 mwaka huo huo zikashuka dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson. Julai 28 yeye mwenyewe akachanjwa Ikulu, tukimwona kwenye televisheni. Miezi sita tu baina ya "hazifai" na "nendeni mkachanjwe". Baba, ukichanganyikiwa hapo huna kosa.

Ninapomaliza kusema hivyo, mara nyingi mtu hushusha pumzi. Alikuwa amejiandaa kwa ubishi na hakuupata.

Kisha namweleza langu. Mimi nilijifukiza nyungu mwaka 2020 kama jirani zangu wote, mchaichai na majani ya mkaratusi, blanketi juu ya kichwa, na sikuona ubaya wa kutafuta nafuu. Agosti 2021 nilichanjwa. Mkono uliuma siku mbili, homa ikanishika usiku mmoja. Palikuwa na maneno kwamba aliyechanjwa hamalizi miaka miwili. Namwonyesha tarehe kwenye cheti changu, anaihesabu mwenyewe. Cheti kile nakitunza kwenye mkoba kwa kazi hiyo.

Akiuliza kuhusu damu kuganda, mwambie kweli. Marekani walisimamisha sindano ya Johnson & Johnson Aprili 2021 kwa siku kumi wakichunguza watu waliopata damu kuganda, wakakuta ni tatizo la kweli lakini la nadra sana, wakairuhusu tena na onyo lake, na baadaye wakapunguza matumizi yake. Ukimficha hili na akalikuta kwenye WhatsApp, hata la surua hatakuamini.

Usimlazimishe akubali kwamba ya korona ilikuwa sahihi kwake. Serikali ilisema ile ni hiari na aliitumia hiari yake. Tenganisha. Mimi husema, "Hilo la korona tuliweke pembeni, baba, lina mjadala wake. Hii ya surua umechanjwa wewe, amechanjwa mkeo, wamechanjwa watoto wako watatu wa kwanza." Kisha naomba, kwa heshima, kuona bega lake. Kovu la BCG, nayo ya utotoni, lipo. Nimewahi kuona mzee wa makamo akilishika kovu hilo kana kwamba analiona kwa mara ya kwanza.

"Inafunga kizazi"

Neno hili ni la zamani kuliko korona. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walipinga kampeni ya chanjo ya pepopunda wakidai imetiwa homoni ya kuzuia mimba, Shirika la Afya Duniani na Unicef wakakanusha, lakini neno lilivuka mpaka na halikurudi. Sasa limehamia kwenye HPV, kwa sababu inatolewa kwa wasichana peke yao, shuleni, wakiwa karibu kuvunja ungo. Jiweke mahali pa mzazi. Binti wa miaka kumi, sindano moja, wavulana wanaambiwa watoke nje wakacheze mpira. Kushtuka ni haki yake.

Eleza kwanza kwa nini wasichana. Saratani ya mlango wa kizazi husababishwa na kirusi cha HPV, na aina mbili tu, ya 16 na ya 18, ndizo zinazoleta takriban asilimia 70 ya saratani hizo. Mwanaume anabeba kirusi hicho pia, na zipo nchi kama Australia zinazochanja wavulana, lakini mlango wa kizazi anao mwanamke, kwa hiyo tumeanza na anayeumia zaidi. Kirusi huambukizwa kwa kujamiiana, ndiyo maana kinga hutangulia miaka mingi. Baba akisema unamruhusu binti yake mambo ya watu wazima, mwambie kwamba binti hachanjwi kwa ajili ya leo, anachanjwa kwa ajili ya ndoa yake. Hata aliyejitunza mpaka ndoa anaweza kuambukizwa na mume.

Kilichomo ndani ya sindano mimi hukieleza kwa mfano wa yai. Wanasayansi wametengeneza kitu kama ganda la kirusi, ndani hakuna kiini, hakiwezi kuangua. Mwili ukiliona ganda unajifunza sura ya adui. Akina mama wanaofuga kuku hawahitaji nirudie.

Halafu nenda kwa watu. Maneno ya maabara huwa mbali, ila mtu anaonekana. Wasichana wa shule za msingi mkoani kwetu Mwanza walichanjwa HPV kwenye utafiti mwaka 2010. Rwanda walianza nchi nzima 2011. Kilimanjaro walianza kwa majaribio 2014, kisha Tanzania nzima 2018. Wale wa 2010 leo wamevuka miaka 25, na wapo wanaoleta watoto wao kliniki. Kama una jirani wa namna hiyo na yuko radhi kusema, yeye atazungumza vizuri kuliko wewe. Mwombe, usimtaje bila ruhusa.

Kuna swali lingine linalofuata, na ni la watu makini: "Mbona mwanzo mlisema dozi mbili, sasa moja? Dawa imewaishia?" Mzazi ameona korona, anajua maneno yanavyobadilika, anahisi anadanganywa tena. Hapa nina jibu linalonipa fahari. Utafiti uliosaidia kubadilisha kauli hiyo ulifanyika hapa hapa Mwanza. Wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 walipangwa kwa bahati nasibu, wengine dozi moja, wengine mbili, wengine tatu, wakafuatiliwa. Baada ya miaka miwili karibu wote waliopata moja walikuwa bado na kinga dhidi ya aina ya 16 na ya 18. Kenya nao walifanya utafiti wao kwa wasichana wakubwa kidogo, ukaonyesha dozi moja inakinga vizuri. Shirika la Afya Duniani likakubali dozi moja mwaka 2022, na Tanzania ikahamia huko Aprili 2024. Mwambie mzazi wazi: kauli ilibadilika kwa sababu watu walipima, na waliopimwa ni mabinti wa majirani zetu.

Kuhusu shule, nina neno kwa walimu. Kuna shule moja ambayo timu ilifika asubuhi bila wazazi kuwa na habari, wasichana wakatoka mbio, wengine kupitia madirishani, wakafika nyumbani wanalia. Tulihangaika na kijiji kile zaidi ya mwaka. Barua kwa wazazi peke yake haitoshi, kwani nyingine huishia kwenye begi la daftari. Itisha kikao, mwalike mwenyekiti wa kitongoji, mchungaji na sheikh, acha watu waulize mpaka wachoke. Na siku yenyewe hakikisha mabinti wamekunywa uji. Sindano inawafanya baadhi ya wasichana wa umri huo wazimie, kwa hofu tu na njaa, na mmoja akianguka darasa zima linafuata na uvumi umeshazaliwa. Waketi dakika 15 baada ya kuchomwa, kivulini, mmoja mmoja wakitoka upande mwingine ili waliobaki wasiwaone.

Maudhi yasemwe mapema

Zahanati tunayaita maudhi madogomadogo. Yataje kabla, usingoje yatokee. Penta inaweza kumletea mtoto homa na uvimbe pale alipochomwa, atalia usiku huo, kwa kawaida huisha siku moja au mbili. Surua-rubella inaweza kuleta homa na vipele vidogo siku saba mpaka kumi na mbili baadaye, wakati mama ameshasahau kabisa habari ya sindano, na ndipo anaposema chanjo imemletea surua. BCG hutoa kidonda kidogo baada ya wiki kadhaa. Asikikamue, asikipake dawa.

Mwambie pia lini akimbie zahanati: mtoto akipata degedege, akipumua kwa shida, akivimba uso, homa isiposhuka au akikataa kunyonya. Na mwambie hata kama ni usiku, apige simu yako. Kama hutapokea, usimpe namba. Mama akipiga saa tano usiku na ukapokea, ukamsikiliza, mtoto wake wa pili hutahitaji kumfuata.

Usitishe watu

Wapo wenzetu wanaobeba picha za watoto waliokufa. Siafiki. Mzazi aliyetishwa anafunga mlango, na akifungua anafungua kwa hasira. Tulijaribu mwaka 2022 kwenye kampeni ya polio ya nyumba kwa nyumba, baada ya mgonjwa kupatikana Malawi, na nyumba tulizotisha ndizo zilizoficha watoto raundi iliyofuata. Tuliwasikia wakicheka chini ya kitanda.

Ukitaka kusema ubaya wa surua, sema unachokijua wa karibu. Mtu mmoja mwenye surua anaweza kuwaambukiza wenzake 12 hadi 18 ambao hawana kinga. Inaweza kupofua, na wapo waliopofuka zaidi kwa sababu ya dawa za majani kutiwa machoni. Mwaka huo wa 2022 Zimbabwe walizika watoto zaidi ya 700 kwa surua, wengi kutoka familia zilizokataa chanjo kwa imani. Sema mara moja, kwa sauti ya kawaida, kisha endelea na mengine.

Na usimwite mtu mjinga, hata akiwa hayupo. Kijijini maneno hutembea kuliko wewe.

Akikataa leo

Mshukuru kwa muda wake, kwa dhati. Uliza kama unaweza kurudi, na lini. Nyumbani kwako, usiku, ndipo uandike daftarini: sababu kwa maneno yake mwenyewe, nani alikuwepo, umeahidi nini. Usiandike "mbishi". Nilipofungua madaftari yangu ya 2021 nilikuta neno hilo kurasa nyingi na halikunisaidia chochote. Nilipoandika "anaogopa, dada yake alipoteza mimba wiki ile alipochanjwa korona", nilijua cha kwenda kuzungumza, na zaidi nilijua cha kutozungumza siku ya kwanza. Mama yule nilimtembelea mara nne. Mara mbili hatukugusa chanjo. Ya tatu aliniuliza mwenyewe kama sindano na mimba vilihusiana. Nikamwambia tafiti hazikuonyesha kwamba chanjo ya korona inaharibu mimba, na kwamba mimba nyingi huharibika bila sababu inayojulikana, na kwamba nampa pole dada yake. Ya nne alikuwa ameshatafuta kadi.

Wapo ambao sijawapata. Ipo nyumba moja karibu na mwalo, watoto wawili hawajapata surua-rubella hata moja. Baba ni mvuvi, mama anasema hana neno, baba ndiye hataki. Nimemkosa safari tatu kwa sababu naenda mchana naye amelala, au jioni naye yumo ziwani. Giza la mwezi linapokwisha na mbalamwezi inapoanza, wavuvi wa dagaa hupumzika. Nimeshahesabu siku. Nitaenda Jumanne ya mbalamwezi, saa kumi jioni, bila daftari, na nimeshapatana na muuguzi kwamba Jumatano yake chupa itafunguliwa hata wakija wawili hao peke yao.